Nyumba ya Mawe na Warithi Wake

Mtu akifa huacha vitu vya namna mbili. Kuna vile vigawanyikavyo bila ya kuharibika, kama fedha, nafaka na mifugo. Na kuna vile ambavyo ukivigawanya umeviua. Nyumba ni katika vitu vya namna ya pili. Magunia 8 ya mpunga yakigawiwa watu 8, kila mmoja atakwenda zake na gunia lake akiwa radhi. Lakini nyumba moja ikirithiwa na watu 8, hakuna awezaye kujitwika sehemu yake kichwani akaondoka nayo. Itawalazimu ama wakae pamoja, ama waiuze, ama mmoja wao awafidie wenzake, ama waiache mpaka mvua na mchwa watoe hukumu ambayo wao wameshindwa kuitoa.

Swali la nini kifanywe na nyumba ya urithi ni la kale sana, na kila kabila la Kenya limepata kulijibu kwa njia yake. Katika insha hii tutalitazama mahali pamoja, yaani katika mji wa Lamu. Tumechagua Lamu kwa sababu nyumba zake zimedumu kuliko watu waliozijenga, na nyumba idumuyo huuliza swali hili si mara moja bali katika kila kizazi. Msomaji atakayefuata habari hizi ataona kuwa historia ya mji mzima yaweza kusomwa katika mashauri ya ndugu wachache waliokusanyika chini ya dari moja baada ya matanga.

Mji wa Lamu umo katika kisiwa cha jina hilo, kaskazini ya pwani ya Kenya. Watu wameishi pale kwa karne nyingi pasipo kukatika, na mwaka wa 2001 mji huo wa kale uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba za mawe zilizo mashuhuri sana, hasa zile za upande wa Mkomani, zilijengwa katika karne ya 18, wakati biashara ya vyombo vya bahari na mazao ya mashamba ilipowatajirisha waungwana wa mji. Vifaa vyake vilitoka karibu. Mawe yalikuwa ya matumbawe, chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo, na boriti zilikatwa katika misitu ya mikoko inayozunguka visiwa. Kuta zilikuwa na unene wa karibu nusu mita, ili jua la mchana lisiwatese waliomo.

Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini si ndefu. Haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa juu ya chumba kipana. Kwa hiyo vyumba vya Lamu vilipata upana wa mita 2 na nusu au 3 tu, hata palipokuwa na tajiri aliyeweza kununua kila kitu. Urefu wa chumba aliuchagua mwenye nyumba, lakini upana wake ulichaguliwa na mti. Jambo hili laonekana kuwa dogo, nalo ni mzizi wa mengi tutakayoyaeleza, maana vyumba vyembamba na virefu viliwekwa kimoja nyuma ya kingine, na mpango huo ndio uliokuja kuwatatiza warithi baadaye.

Na tuingie ndani. Mgeni aliyepiga hodi aliketi kwanza dakani, penye baraza za mawe pande mbili za mlango. Akikaribishwa, alipita tekani, mahali ambapo njia hupinda ili macho ya wapita njia yasifike walipo watu wa nyumba. Kisha akatokea kiwandani, ua usio na dari uletao mwanga na hewa. Kutoka kiwandani vyumba vilifuatana: msana wa tini, msana wa yuu ulioinuliwa kwa kidato, na nyuma yake ndani, chumba cha faragha ambacho ukuta wake aghalabu ulipambwa kwa zidaka za chokaa zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Hapakuwa na ujia wa kando. Aliyetaka kufika chumba cha nyuma ilimpasa kupita katika chumba cha mbele. Wahenga wasema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na kweli, kuta za nje za nyumba hizi hazina fahari yoyote, kwa kuwa uzuri wake wote ulifichwa kwa ajili ya wenyewe.

Msomaji na afikiri sasa. Nyumba ya namna hiyo itagawiwaje? Mmoja akipewa ndani na mwingine msana, mwenye ndani atapita kila siku katika chumba cha nduguye, usiku na mchana. Mmoja atakuwa na choo na mwingine hana. Mmoja atakuwa na kiwanda na mwingine atakosa mwanga. Nyumba hizi zilijengwa ziwe mwili mmoja. Waliozijenga hawakuwa wajinga wa jambo hili, bali walikuwa na dawa yake, nayo ilikuwa kutoa jibu kabla swali halijaulizwa.

Dawa yenyewe ilikuwa hii. Kwa ada ya waungwana wa Lamu, nyumba ilihesabiwa kuwa jambo la wanawake. Binti alipoolewa, wazazi wake waliokuwa na uwezo walimpa nyumba, au walimjengea orofa juu ya nyumba yao, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Pengine nyumba ya binti ilijengwa ng'ambo ya njia, ikaunganishwa na ya mama yake kwa wikio, yaani chumba kilichopita juu ya njia kama daraja, ili mama na binti waweze kutembeleana bila ya kushuka mtaani. Mtu anayepita leo chini ya mawikio ya Lamu hupita chini ya ukoo wa watu. Pale anapoona mawe yamepanda juu ya mawe, ajue kuwa pengine binti aliolewa.

Katika ada hiyo palikuwa na hekima ya namna mbili. Kwanza, kitu kilichotolewa kwa hiba wakati wa uhai wa mwenyewe, na aliyepewa akakipokea, si sehemu ya mirathi tena. Hakingojei kugawanywa baada ya kifo. Pili, mwanamke aliyeachwa au kufiwa hakutupwa njiani. Palipotokea talaka, mume ndiye aliyetoka na sanduku lake, na mke akabaki na wanawe chini ya dari yake mwenyewe. Katika zama ambazo wanawake wa nchi nyingi hawakuwa na haki ya kumiliki hata kitanda walicholalia, mabinti wa Mkomani walikuwa na nyumba za mawe.

Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kusifu nusu ya jambo na kuficha nusu yake. Mawe hayo hayakupanda juu yenyewe. Kazi nyingi ya mashamba ya bara iliyoleta mali, na kazi nyingi za nyumbani, zilifanywa na watumwa. Mtumwa kwa sheria za wakati huo hakurithi na hakurithiwa. Alilala katika nyumba aliyoitumikia, pengine kwa miaka 50, na siku ya kugawanya mirathi hakuitwa kama mrithi. Zamani aliweza hata kuhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyogawanywa. Utumwa ulikomeshwa katika ukanda wa pwani ya Kenya kwa sheria ya mwaka wa 1907. Kwa hiyo arithiye nyumba ya kale harithi zidaka na milango ya nakshi tu, bali arithi pia habari za walioijenga na kuitunza bila ya malipo, na ni wajibu wake kuzijua.

Turudi kwenye mgawanyo. Si kila mzazi aliyekuwa na uwezo wa kumpa kila binti nyumba, na si kila mtu aliyekufa akiwa amekwisha kupanga mambo yake. Palipobaki nyumba bila ya hiba wala wasia, ilifuatwa sheria ya Kiislamu, ambayo ni hesabu yenye vipimo vilivyowekwa. Mwenye mali aweza kuusia kiasi kisichozidi theluthi moja, wala hawezi kumwongezea mrithi mmoja kwa wasia isipokuwa warithi wengine waridhike. Kilichobaki hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amekufa akaacha mke mmoja, wana wa kiume 2 na mabinti 3, na mali yake ni nyumba moja. Mke hupata thumni, yaani fungu 1 katika 8. Mafungu 7 yaliyobaki ni ya watoto, na kila mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti. Basi wana wa kiume watapata mafungu 2 kila mmoja, na mabinti fungu 1 kila mmoja. Jumla ni 8, hapana kilichozidi wala kilichopungua. Mpaka hapa mambo ni mepesi, na mama akiwa hai aghalabu hakuna ahimizaye kuuza, kwa kuwa hapana mwana apendaye kusema mbele ya watu kwamba amemtoa mama yake nyumbani.

Lakini miaka hupita. Tuseme mwana mmoja wa kiume afariki, na mama yake bado yu hai. Yeye naye ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Mafungu yake 2 katika 8, yaani robo ya nyumba, lazima yagawiwe tena: mke wake thumni ya robo hiyo, mama yake sudusi, na kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Ili kupata hesabu isiyo na sehemu za fungu, nyumba nzima sasa haina budi kuhesabiwa kuwa mafungu 288. Katika hayo, 72 yalikuwa ya marehemu: mkewe apata 9, mama yake 12, mwanawe 34, na binti yake 17. Kifo kimoja tu kimeifanya nyumba ya mafungu 8 kuwa nyumba ya mafungu 288. Baada ya vifo vitano au sita, patakuwa na mjukuu aliye Mombasa mwenye fungu ambalo kama lingepimwa sakafuni lisingetosha kutandika mkeka. Na bila ya idhini yake nyumba haiuziki wala haitengenezeki.

Watu wengine wakiona hivyo huilaumu sheria. Kulaumu huko si haki. Sheria iliwekwa ili asisahauliwe mtu: mjane, mama mzee, binti aliye mbali, wote wana fungu lisiloweza kufutwa kwa hila ya kaka mkubwa. Hiyo ni fadhila kubwa. Ila sheria ilimhesabu kila mtu, na haikuweza kuihesabu paa inayovuja. Kumpa kila mtu haki yake ni jambo moja, na kuwafanya wenye haki waafikiane ni jambo jingine, na hili la pili halikuachiwa kadhi bali jamaa wenyewe.

Ilikuwako pia njia ya tatu, nayo ni wakfu. Mwislamu aweza kuifunga mali yake isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe, na manufaa yake yaende mahali alipopataja. Misikiti, visima na madrasa mengi ya pwani yalitunzwa hivyo. Lakini palikuwa pia na wakfu wa jamaa: mtu huifunga nyumba iwe makao ya watoto wake, na watoto wa watoto wake kizazi baada ya kizazi, na ukoo ukikatika manufaa yaende kwa maskini. Kwa njia hii nyumba haigawanyiki kamwe, kwa kuwa hapana mtu anayeimiliki. Waliomo wana haki ya kukaa, wala hawana haki ya kuuza.

Njia hiyo ilipatwa na mkasa uliotoka mbali. Mwaka wa 1894 Baraza la Mfalme mjini London, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya himaya ya Waingereza, liliamua kesi iliyotoka Bara Hindi. Majaji wake walisema kwamba wakfu ambao kwa kweli ni wa kuwanufaisha jamaa, na sadaka yake ya maskini iko mbali mno, si wakfu halali. Waislamu wa Bara Hindi walilalamika sana, na mwaka wa 1913 sheria ilitungwa huko kuuhalalisha tena. Lakini sheria hiyo haikuvuka bahari. Katika Afrika ya Mashariki mahakama za Kiingereza ziliendelea kuifuata hukumu ya 1894, na hata rufani iliyotoka Kenya ikaamuliwa London kwa mwelekeo huo huo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kenya ilitunga sheria yake mwaka wa 1951 iliyoutambua wakfu wa jamaa. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo, mzee wa pwani aliyedhani ameifunga nyumba yake kwa ajili ya wajukuu hakuwa na yakini kama fundo alilolifunga lingeshika. Hapa twaona jinsi maneno yaliyosemwa na watu wasiopata kuona kiwanda cha Lamu yalivyoweza kuamua nani atalala ndani ya nyumba ya Lamu.

Mabadiliko mengine yalikuwa ya mali. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika ziwa la Nyanza mwaka wa 1901, na biashara ya pwani ikaifuata. Meli kubwa zikatia nanga Mombasa, na Lamu ikabaki bandari ya majahazi. Utumwa ulipokomeshwa, waungwana waliotegemea mashamba ya bara wakapungukiwa na mapato. Vijana wakaondoka kwenda kutafuta kazi Mombasa na Unguja, na baadaye wengine katika nchi za Ghuba. Nyumba ya mawe haikupungua ukubwa kwa sababu mwenyewe amepungua mali. Iliendelea kudai chokaa mpya na boriti mpya, na ikadai fundi ajuaye kazi, ambaye siku hizi hapatikani kwa urahisi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika nyumba yenye wenyewe 20 kila mmoja hudhani kuwa ufa ni wa mwenziwe.

Ndipo walipokuja wanunuzi. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 wageni, wengi wao kutoka Ulaya, waliupenda utulivu wa Lamu na jirani yake Shela, nao wakaanza kununua nyumba za kale. Pamoja na wao walikuja watafutaji wa milango na samani za kale. Kwa warithi waliotawanyika, fedha taslimu zilikuwa jawabu la hesabu ngumu: nyumba isiyogawanyika iligeuka kuwa noti zinazogawanyika. Usultani wa Zanzibar ulipouachilia ukanda wa pwani mwaka wa 1963, mahakama za makadhi zilihifadhiwa katika mapatano, na Katiba ya mwaka wa 2010 nayo ikazihifadhi. Kwa hiyo kadhi aliendelea kuwagawia warithi thamani ya nyumba kama alivyowagawia baba zao. Hesabu ilikuwa ile ile, ila sasa iliyogawanywa ilikuwa bei.

Tusiwahukumu waliouza kwa haraka. Mjane mwenye watoto wa kusomesha hawezi kulisha watoto zidaka. Yafaa pia ikumbukwe kuwa nyumba kadhaa zilizonunuliwa na wageni zilitengenezwa vizuri, kwa chokaa na boriti, wakati nyumba za jirani zilipokuwa zikianguka mikononi mwa wenyewe. Lakini upande wa pili wa mizani nao ni mzito. Bei ikipandishwa na mnunuzi atokaye ng'ambo, kijana wa Mkomani hawezi tena kununua nyumba katika mtaa aliozaliwa. Nyumba inayofunguliwa kwa wiki chache tu za mwaka haina hodi ya asubuhi, wala haina mtoto wa kutumwa kwa jirani. Kuta zimeokoka, lakini ujirani umekwenda.

Serikali nayo iliingia katika shauri hilo. Baada ya wataalamu kuuchunguza mji na kutoa mpango wa kuuhifadhi, mji wa kale ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka wa 1986. Makumbusho ya Taifa yaliitengeneza nyumba moja ya kale ili watu waweze kuingia na kuona mpango wake. Ngome ya mji, iliyomalizika kujengwa karibu na mwaka wa 1821 na kutumiwa kwa muda mrefu kuwa gereza, iliacha kuwa gereza katika miaka ya 1980 ikawa mahali pa mafunzo na maonyesho. Tangu hapo mwenye nyumba katika mji wa kale hawezi kuibomoa au kuibadilisha apendavyo bila ya ruhusa. Hivyo mrithi mwingine ameongezeka mezani, naye ni umma. Mrithi huyu hana fungu katika yale 288, lakini ana neno. Na kwa kuwa ana neno, ni haki aulizwe pia mchango wake: kumkataza mjane kubadili ukuta, bila ya kumsaidia kununua chokaa, ni kumwachia yeye peke yake mzigo wa fahari ya wote.

Ni nini basi kitokeacho pale warithi wasipoamua lolote? Jibu liko kusini, karibu na Malindi. Katika msitu wa Gede mna magofu ya mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka wa 1948. Alikuta kuta, visima na msikiti mkubwa, na nyumba zenye vyumba vyake, lakini hakukuta mtu wa kumwambia nyumba hii ilikuwa ya nani. Kwa hiyo nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: moja ikaitwa nyumba ya kauri, nyingine nyumba ya mkasi, nyingine nyumba ya taa ya chuma. Wenyewe walikuwa na majina, bila shaka, na mabinti wao waliolewa katika vyumba hivyo. Lakini leo mkasi una jina na mwenye mkasi hana. Huo ndio mwisho wa nyumba ambayo warithi wake wamekwenda na habari zake zimekatika.

Historia haiwezi kumwamulia mtu nyumba yake, lakini yaweza kumwonyesha njia zilizopitwa na wengine. Kwa habari tulizozieleza, njia ni tano. Ya kwanza ni kupanga mambo wakati wa uhai, kwa hiba ya wazi iliyoandikwa, kama walivyofanya wazazi wa Mkomani kwa mabinti zao. Ya pili ni wakfu, kwa yule ambaye hofu yake kubwa ni kuuzwa kwa nyumba, mradi afuate sheria na amteue msimamizi mwaminifu. Ya tatu ni kugawanya kwa orofa, si kwa vyumba, kila orofa ikiwa na ngazi na choo chake, maana nyumba za Lamu zilikua kwenda juu na juu ndiko zinakogawanyika kwa heri. Ya nne ni mmoja kuwafidia wenziwe kidogo kidogo, au wote kuipangisha na kuandika hesabu katika daftari moja linaloonwa na kila mtu, na sehemu ya kodi iwekwe kwa matengenezo kabla ya kugawanywa. Ya tano ni kuuza. Na ikiwa hapana budi kuuza, ndugu na jirani waulizwe kwanza, na habari za nyumba ziandikwe kabla ya ufunguo kukabidhiwa.

Wala mambo haya si ya Lamu tu. Sheria ya Mirathi ya Kenya ilitungwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika mwaka wa 1981, na kwa Wakenya wasio Waislamu iliwapa mabinti na wana wa kiume haki sawa katika mali ya mzazi aliyekufa bila ya wasia. Kwa hiyo nyumba ya mabati kule Kakamega au ya mawe kule Nyeri yaweza kuwa na warithi wengi waliotawanyika vilevile, na swali ni lile lile. Tofauti ni kuwa nyumba ya mabati haingoji miaka 200 ndipo ianguke.

Katika njia hizo tano, kila moja ina gharama yake, na wenye hekima wametofautiana. Bali ziko alama mbili za kupima uamuzi mwema. Ya kwanza ni mtu dhaifu kuliko wote katika jamaa: je, mjane, au binti asiye na mume, au mzee asiye na mwana, anajua atalala wapi baada ya mashauri kwisha? Wazee wa Mkomani walianza kwa kumtazama binti, nao wakajenga mji uliosimama zaidi ya miaka 200. Ya pili ni undugu wenyewe. Wahenga wasema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Maana ugomvi wa ndugu hautazamiwi kudumu. Lakini ugomvi wa nyumba hudumu, kwa sababu kila apitaye mbele ya mlango huo hukumbuka. Ni afadhali nyumba iuzwe na ndugu wakaendelea kualikana, kuliko nyumba ibaki na ndugu wasizikane.

Na wewe, msomaji kijana, usidhani kuwa jambo hili ni la wazee. Siku moja utaitwa katika kikao hicho, na utaulizwa neno lako. Kabla ya siku hiyo kufika, na maadamu wazee wako wangali hai, keti nao barazani uwaulize: nyumba hii ilijengwa mwaka gani, kwa mali gani, na mikono ya nani? Nani aliongeza orofa, na kwa arusi ya nani? Nani ana fungu, na yuko wapi? Yaandike watakayokuambia, kwa tarehe na majina. Karatasi hiyo haitazuia mvua kuingia wala haitapunguza mafungu, lakini itawafanya mnaoketi kuamua mjue ni kitu gani mnachokiamua.

Ukitembea Mkomani wakati wa magharibi, utaona madaka mengine yamejaa watu wanaozungumza, na mengine yamefungwa kwa kufuli lenye kutu. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe yale yale, na mafundi wale wale, na boriti zake zilikatwa katika mikoko ile ile. Lililozitenga ni kikao kimoja cha jamaa: mahali pamoja kilifanyika, na mahali pengine kiliahirishwa mpaka wa kuketi wakawa hawapo.